Mpaka Nirudi

Walimleta Jumanne, na karatasi yenye matope:
Zihindula Mweze, miaka ishirini na mitatu,
mzaliwa wa Burhinyi. Chini, kwa kalamu nyekundu,
mtu alikuwa ameandika: Kichwa kigumu.
Kapiteni akacheka. "Ajida Nsimire,
wewe ni mama. Huyu mtoto ni wako."

Sikuwa mama wa mtu. Nilikuwa na askari kumi na mmoja,
kibanda cha bati juu ya Kadutu, na mvua.

Amri tatu kwa pamoja zilimmwagika
kama maharagwe kwenye mfuko uliotoboka.
Chukua jembe, pita depo, rudi na ufunguo:
alirudi na jembe. Amelishika vizuri, anangoja kusifiwa.
Wenzake walijipiga mapaja.
Nami nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Kwenye gwaride, kulia geuka,
yeye analitazama ziwa, sisi sote mlima.
Nikamwambia polepole, kama niliyeokota hekima:
"Kulia ni mkono wa kula, Zihindula. Wa kula."
Akaitikia kwa furaha. Akageukia ziwa.
Wiki nzima nilimfokea,
hadi jioni moja, mbele ya fufu na sombe,
nikaona anamega tonge kwa mkono wa shoto.

Wiki nzima alikuwa ananitii.

Nikamfunga uzi wa gunia kwenye kifundo cha mkono wa pili.
Nikajifunza kusema jambo moja na kunyamaza,
kulingoja lizame, kama maji katika udongo wa mfinyanzi,
ndipo niseme la pili.
Neno la siri la usiku, ambalo hakuwahi kulishika,
nikaanza kulichagua katika zizi la baba yake:
Gaju. Bihogo. Yule mwenye pembe moja.
Miezi miwili kikosi kizima kililinda njia ya Ruzizi
kwa majina ya ng'ombe, na hakuna aliyelisahau,
yeye kwanza.

Kisha usiku wa depo, pale Nguba.
"Simama hapa mpaka nirudi."
Maneno manne. Nilijivunia ufupi wake.
Ofisi ikaniita, gari likanipeleka Walungu,
barabara ikakatika Mugogo, nikalala kwenye benchi la zahanati,
wala sikumkumbuka hata mara moja.

Saa sita usiku walikuja kumpokea zamu. Akakataa.
Wakampa koti. Akalipokea, hakusogea.
Mmoja akamrushia ganda la ndizi.
Mvua ya Kabare ikashuka, ile isiyobisha hodi.

Nilimkuta saa nne asubuhi. Midomo ya majivu,
buti zimejaa maji, koti limeifunika bunduki,
bunduki kavu.
"Ajida, umerudi," alisema,
bila lawama, kama mtu anayesoma saa.

Sikupata la kumjibu. Nilimvua buti moja,
nikaimwaga, nikamvua ya pili.

Leo ni siku ya tatu fomu ya kapiteni iko mezani.
Anafaa. Hafai. Visanduku viwili, kalamu moja.
Wenzangu wanadhani nasita kwa sababu haelewi.
Mimi nasita kwa sababu anaelewa hadi mwisho.
Iko siku nitasema simama hapa,
na kitakachoshuka hakitakuwa mvua,
naye atasimama.

Nje anamenya viazi.
Nilimwambia: beseni likijaa, njoo ule.
Nalitazama beseni kupitia dirisha. Limejaa.
Anafuta kisu kwenye suruali, anautazama uzi,
anauvuta kidogo kuona kama bado umekaza,
anakuja.